Uzamili wa kufundisha mtandaoni: ingia na somo lako mkononi

Mwalimu akiniambia anataka kusoma uzamili wa kubuni na kufundisha kozi za mtandaoni, kabla ya habari za chuo na ada namuuliza ataingia na somo gani. Wengi hushangaa. Wanadhani chuo kitawapa la kufanyia kazi. Kitawapa, ndiyo: karani wa kampuni fulani ya Ohio anayefundishwa programu ya mauzo, nao watamtengenezea kozi nzuri ambayo hakuna binadamu atakayeisoma.

Mimi ni mkufunzi wa uuguzi hapa Iringa, na somo langu lilikuwa hesabu za dripu. Mililita 1,000 ziingie kwa muda wa saa 8, seti inatoa matone 20 kwa mililita. Ni matone mangapi kwa dakika? Ni 42 ukikadiria. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husahau kugeuza saa kuwa dakika, anapata 2,500, anaandika na kufunga daftari bila kushtuka. Kosa hilo ndilo nililolipeleka uzamili. Kwenye moduli ya kuchambua wanafunzi niliwauliza wangu wanasomea wapi, kwa simu gani, na bando linaisha siku gani ya wiki. Kwenye moduli ya tathmini niliandika maswali ya kuchagua ambayo majibu yake ya uongo ni makosa halisi ya darasani: 2,500 limo, na anayelichagua anaulizwa saa moja ina dakika ngapi, haambiwi tu “umekosea”. Asainimenti zote zikawa za kitu kimoja, na kozi ilipokamilika ilikuwa na wasomaji tayari.

Kwa hiyo chagua somo dogo, lenye kosa unalolijua kwa jina. “Uuguzi wote” halifai. “Historia ya kidato cha tatu” pia halifai.

Ukishakuwa nalo, kuchagua chuo kunakuwa rahisi, maana unajua unatafuta nini. Usihangaike na jina la shahada. Utakuta elimu ya kidijitali, teknolojia ya elimu, usanifu wa mafunzo, elimu huria na masafa, na ndani yake vitu vinavyofanana au visivyofanana kabisa. Soma orodha ya moduli. Tafuta mahali ambapo mwanafunzi anajenga kozi na kuijaribu kwa wasomaji wa kweli. Ikiwa programu nzima ni insha na tasnifu, itakufaa ukitaka utafiti. Kwa mtu anayetaka kujenga, pita.

Jambo la pili, soma na chuo ambacho chenyewe kinafundisha mtandaoni. Chuo Kikuu cha Edinburgh kina uzamili wa elimu ya kidijitali unaosomwa wote kwa mtandao. Athabasca ya Kanada inafundisha elimu huria na masafa kwa njia hiyohiyo. UNISA ya Afrika Kusini imekuwa kwenye elimu ya masafa tangu 1946, na hapa nyumbani Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992, basi ulizia vilevile wana nini kwa sasa. Omba kuonyeshwa moduli moja kutoka ndani. Ukikuta mafaili ya PDF yamepangwa kama magunia ghalani na mhadhara wa saa mbili uliorekodiwa, umepata jibu lako: hao hawawezi kukufundisha wasichokifanya.

Uliza saa za vipindi vya moja kwa moja. Saa moja jioni ya New York ni saa nane au saa tisa usiku kwetu, kutegemea majira yao. Uingereza ni nafuu, tofauti ni saa mbili au tatu tu.

Fedha. Mfumo wa Uingereza una faida moja ambayo haitajwi sana: uzamili ni krediti 180, lakini vyuo vingi vinakuruhusu kutoka na cheti cha uzamili ukifikisha 60, au stashahada ya uzamili kwa 120. Ada ikikwama katikati hutoki mikono mitupu. Pia kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa masomo ya masafa, ambao Watanzania na Wakenya wanaweza kuomba. Orodha ya kozi zinazofadhiliwa hubadilika kila mwaka, na kwa kawaida unaomba nafasi chuoni na ufadhili kila kimoja kivyake, kwa hiyo anza mapema.

Kabla ya kulipa shilingi yoyote, hakikisha shahada itatambuliwa na tume ya vyuo vikuu ya nchi yako: TCU kwa Tanzania, CUE kwa Kenya. Muulize na ofisa utumishi wako, kwa maandishi, kama itahesabiwa kwenye kupanda daraja.

Barua ya maombi isianze na “napenda sana teknolojia”. Anza na wanafunzi wako wanapokwama. Mdhamini awe mtu aliyekuona ukifundisha, hata kama cheo chake ni kidogo. Wakidai mtihani wa Kiingereza, uliza kama watapokea barua ya chuo chako kuthibitisha ulisoma kwa Kiingereza, vipo vinavyokubali.

Ndani ya masomo utakutana mapema na ADDIE, hatua tano za kuunda kozi: chambua, sanifu, tengeneza, tekeleza, tathmini. Ilianzia Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida mwaka 1975, kwa ajili ya jeshi la Marekani, na ugumu wa kijeshi haujaitoka. Ijue, usiisujudie. Kilichonifaa zaidi ni kazi ya Garrison, Anderson na Archer ya mwaka 2000, inayosema kozi ya mtandaoni inahitaji uwepo wa aina tatu: wa ufundishaji, wa kijamii, na wa fikra. Baada ya kuisoma niliacha kujibu kila swali la jukwaani papo hapo. Nangoja wanafunzi wawili wabishane kwanza. Jukwaa lilichangamka, nami nikapata usingizi.

Utasoma pia uchambuzi wa 2014 wa video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, uliokuta kwamba muda wa kati wa kutazama hauvuki dakika 6, hata video iwe ndefu vipi. Sawa, lakini watazamaji hao hawakuwa wakihesabu megabaiti. Mimi somo la dripu nililigeuza sauti fupi na picha mbili, likaenda kwa WhatsApp.

Muhula wa mwisho usisubiri mahafali. Akaunti ya chuo hufungwa baada ya kumaliza, na kozi uliyoijenga humo hufungwa nayo. Ikiwa ni Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, omba nakala rudufu ya kozi, faili lenye mwisho wa .mbz, ulipandishe kwenye Moodle ya chuo chako. Pakua na maoni ya wakufunzi kwenye kila asainimenti; siku ya usaili wa kazi utayahitaji kuliko transkripti.