Mkeka wa joto: jinsi ya kuitafiti nyumba yako kwa tepu, ubani na ukindu

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapa Bagamoyo. Miaka kumi na moja nimewachorea watu vyumba vitatu na sebule, bati la rangi na madirisha ya vioo, na wengi wao hunipigia simu baada ya kuhamia: "Dada, feni nifunge wapi?" Nilikuwa nawajibu, halafu naendelea na ramani nyingine. Siku iliyonitia akili ni usiku mmoja wa Februari, nimelala chini ya bati nililolichora mwenyewe, jasho limelowesha shuka. Saa tano nikachukua kanga yangu nikaenda kulala kwa shangazi, Mji Mkongwe wa hapahapa Bagamoyo, kwenye baraza ya uani.

Nyumba ya shangazi ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake unene wa dhiraa moja. Yangu ni ya tofali za saruji za inchi sita. Tulizipima zote mbili msimu mzima wa kaskazi, kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi, na ninayoyaeleza hapa ndiyo tuliyoyafanya, hadi tukazigeuza namba kuwa mikeka. Mtu yeyote anayejua kusoma namba anaweza. Wanafunzi wa sanaa na ujenzi ndio ningependa zaidi wayafanye, kwa sababu nimechoka kuona mabango ya mabadiliko ya tabianchi yenye dunia ya uso wa huzuni inayotokwa na jasho.

Nunua vipimajoto viwili vya ukutani vya aina moja. Kabla ya kuvitundika, viweke pamoja kivulini kutwa nzima uone kama vinasema lugha moja. Vyangu vilitofautiana nyuzi moja, nikaandika tofauti hiyo kwa kalamu mgongoni mwa kimoja na kuitoa kila niliposoma. Kitundike usawa wa kifua, ukuta wa ndani, mbali na dirisha na jiko. Mimi juma la majaribio lote nililitupa: nilikitundika juu ya friji, na mgongo wa friji unatoa moto kama mkate uliotoka tanuri.

Soma mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa tatu usiku. Ukikosa siku, acha wazi. Usikisie.

Kwenye daftari, pembeni mwa namba, weka safu pana ya maelezo: nani alikuwamo chumbani, umeme ulikuwapo, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa, na kama limefungwa, kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo iliyonifundisha kuliko kipimajoto. Kwenye ramani zangu dirisha ni mistari miwili na kioo, na hesabu yangu ya hewa ilidhani liko wazi. Daftari lilisema vingine. "Limefungwa, mbu." "Limefungwa, mwizi alipita kwa jirani." "Limefungwa, moshi wa takataka." "Limefungwa, mtoto ana kikohozi." Usiku chumba changu hakina dirisha hata moja, ingawa nililipia mawili. Kwa shangazi milango na madirisha yamefungwa vilevile, mwizi hachagui nyumba, lakini juu ya mlango pana nafasi yenye vijiti vya mbao visivyofungwa kamwe. Hewa ya moto hupanda, na tundu la kuitoa linatakiwa liwe juu kuliko kichwa cha mwizi na dogo kuliko bega lake. Nilisoma chuo nikafaulu, na jambo hilo nimelipata kwenye daftari la shilingi elfu moja.

Sasa chora. Tepu ya mita tano inatosha. Pima kila chumba, unene wa ukuta, kimo cha dari, upana wa baraza. Ukipima nyumba ya mawe ya zamani utaona vyumba ni virefu na vyembamba, karibu vyote upana mmoja, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Aliyeamua upana huo ni boriti ya mkoko, kwa sababu urefu wake unaofaa kubeba dari unaishia hapo. Usiende kuikata ukadhani unafufua utamaduni: mikoko ni hifadhi, kuvuna bila kibali ni kosa, na mizizi yake ndiyo inayoshika ufukwe usiliwe na bahari.

Kuujua upepo hakuhitaji chombo cha bei ghali. Chukua chetezo, makaa mawili matatu, ubani. Zima feni. Simama mlangoni, kisha katikati ya chumba, kisha dirishani, uangalie moshi unakoelekea, na uchore mshale kwenye ramani. Rudia asubuhi na jioni, maana upepo wa pwani hubadilika kutwa. Kwangu moshi ulipanda hadi kwenye dari ukasimama hapo kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Kwa shangazi uliingia kwa mlango wa mbele, ukatambaa ukumbini, ukatokea uani na kupaa. Majirani walidhani tunafukiza mashetani, tuliwaacha wadhani.

Bati lipime pia. Wengi watakumbuka kile kipimajoto cha bastola tulichopimwa nacho paji la uso wakati wa korona. Hicho hakifai, kimetengenezwa kwa joto la mwili na kikizidi hapo kinagoma. Muulize fundi friji, anacho cha kazi. Elekeza upande wa chini wa bati saa saba mchana, jua kali, halafu elekeza ukutani. Utajua mwenyewe adui ni nani. Bagamoyo iko nyuzi 6 na ushee kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kwenye tarehe 9 au 10 Oktoba. Simama nje saa sita na nusu mchana siku hizo, kivuli chako unakikanyaga. Nyumba ya huku hupigwa zaidi kwenye paa, kisha ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni. Ukiwa bado hujajenga, elekeza pande ndefu za nyumba kaskazini na kusini, na magharibi panda mwarobaini.

Hapa niseme jambo lisilowapendeza wapenzi wa mambo ya kale. Mchana nyumba ya mawe ilishinda, tena vizuri. Lakini saa tatu usiku chumba cha shangazi kilikuwa karibu sawa na changu, na mara nyingine kilizidi. Ukuta mnene hunywa joto kutwa na kulitema usiku. Wazee walilijua, ndiyo maana usiku walitoka wakalala barazani. Na chokaa chao kilichomwa kwa kuni nyingi sana. Kwa hiyo ukiambiwa jibu la tabianchi ni kurudi kwa mababu, uliza kurudi kwenye kipi na saa ngapi.

Upande wa saruji hesabu ni rahisi, nayo iwemo kwenye utafiti wako. Tanuri la saruji hufika nyuzi 1,450, na mawe ya chokaa yakiungua yanaachia hewa ukaa hata kabla ya kuhesabu mafuta yaliyouwasha moto. Kwa dunia nzima saruji inachangia karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na binadamu. Mfuko mmoja wa kilo 50 unabeba takriban kilo 30 za hewa hiyo. Hesabu mifuko iliyoingia nyumbani kwako, zidisha. Yangu ni mifuko 160. Tani tano kasoro, kabla sijanunua hata msumari. Tangu nijue, ramani zangu zimepungua nguzo za urembo.

Na kama nyumba yako ni ya matumbawe, usiipake plasta ya saruji. Fundi mmoja alimpakia shangazi, ikang'aa miezi minane. Unyevu na chumvi vilivyozoea kupumua kupitia chokaa vikakosa njia, plasta ikavimba, ikaanguka na vipande vya ukuta wenyewe. Tuliirudishia chokaa na mchanga. Kwa majengo ya kale, kabla ya kutoboa hata tundu, kaulize kwanza watu wa idara ya Mambo ya Kale.

Baada ya miezi mitatu nilikuwa na kurasa za namba. Nilichora grafu nzuri kwenye kompyuta nikamwonyesha shangazi. Akaitazama, akauliza, "Hii ni milima ya wapi?"

Yeye ni msukaji wa mikeka. Tukakubaliana kila juma liwe ukili mmoja, yaani mkanda mmoja wa ukindu uliosukwa, kili kumi na tatu kwa nyumba ya mawe na kumi na tatu kwa ya bati. Nusu ya ukindu ichovywe rangi ya wastani wa mchana, nusu rangi ya wastani wa usiku, visukwe pamoja. Mimi nikapanga rangi kama nilivyofundishwa: buluu baridi, nyekundu moto. Shangazi akakataa. Nyekundu, alisema, ndiyo rangi ya mkeka wa bibi harusi; watu wataona wa bati umependeza, watauliza bei. Na joto kwake si nyekundu, ni giza, kwa kuwa ni kukosa usingizi. Tukaanza na ukindu mweupe usiotiwa rangi kwa nyuzi zisizozidi 27, tukapanda kwa nyuzi mbili mbili kupitia kahawia hadi zambarau iliyokolea. Kwa hiyo usichague rangi peke yako mezani. Waulize watakaokalia.

Mikeka ilipoisha kushonwa, wa mawe ulikuwa madoadoa, mweupe na zambarau. Wangu, giza tupu kuanzia Januari hadi mwisho.

Tuliitandika barazani baada ya swala ya alasiri, siku ya Ijumaa. Hatukukodi ukumbi. Msanii Olafur Eliasson aliwahi kuleta mapande 12 ya barafu kutoka Greenland akayapanga kama saa mbele ya jengo la Panthéon, Paris, wakati wa mkutano wa tabianchi wa 2015, yakayeyuka watu wakiyagusa. Kazi kubwa ile, sibishi. Ila huku barafu tunaijua ya kwenye mfuko, ya shilingi mia mbili, na inayeyuka kabla hujafika nyumbani. Mkeka mtu anaukalia, anaona juma la mtoto wake kuugua, anasema "enhe, hilo nalikumbuka." Na swali la kwanza waliloniuliza lilikuwa la kunikaba: "Sisi wa bati tufanyeje?"

Uwe na jibu kabla ya kutandika. Mimi niliwaonyesha picha za shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001. Msanifu wake, Francis Kéré, ni mtoto wa kijiji kile, na 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo. Bati analo vilevile, lakini amelinyanyua juu ya dari ya tofali za udongo yenye matundu, upepo unapita katikati na kuondoka na moto. Kwa nyumba iliyokwisha jengwa hatunyanyui paa. Tunatoboa dari, tunaacha nafasi chini ya bati pande mbili zinazotazamana, tunaziba kwa wavu wa mbu. Kwangu fundi alimaliza kwa siku mbili.

Tulijaribu pia kulipaka bati chokaa. Mvua ya kwanza ya masika ilikishusha chote ndani ya pipa la maji. Tumia rangi nyeupe ya mabati ya nje, na maji ya mvua za mwanzo yamwage.

Ukishabadilisha, pima tena kaskazi inayofuata, vipimajoto vilevile, misumari ileile, saa zilezile. Mkeka wa pili usukwe na msukaji yuleyule kwa rangi zilezile. Na ukindu, rangi na siku zake za kazi mlipe mwanzoni, uandike kwenye bajeti kabla ya vipimajoto. Shangazi nilimlipa mwishoni, na mpaka leo akinitambulisha kwa wageni husema, "Huyu ndiye mtafiti aliyenikopa."