Namna ya kupata vitenzi vya Kijapani vinavyotumika sana, hatua kwa hatua

Wadau mnaosoma Kijapani hapa Dodoma, na nyie wa Singida mnaoniulizaga muanze na vitenzi gani, zile picha za "vitenzi 100 muhimu" zinazozunguka WhatsApp achaneni nazo, nyingi hazisemi hesabu imetoka wapi. Orodha ya uhakika ipo, ya bure, wameitengeneza Wajapani wenyewe, ila inabidi ujue kuisoma.

Hatua ya 1: Shusha faili
Taasisi yao ya taifa ya lugha, NINJAL, ilikusanya vitabu, magazeti, blogu mpaka nyaraka za serikali, jumla kama maneno milioni 100, mkusanyo unaitwa BCCWJ na ulitoka 2011. Gugo "BCCWJ 語彙表" utakuta orodha za aina mbili, 短単位 (maneno yamekatwa vipande vifupi) na 長単位 (vipande virefu). Anza na vifupi, faili lake ni jepesi. Kama bando linabana subiri la usiku.

Hatua ya 2: Chuja vitenzi
Hapa tulieni kidogo. Fungua kwenye laptopu, Excel au LibreOffice zote sawa, simu itahangaika tu, na ukiulizwa aina ya herufi chagua UTF-8. Nenda safu ya pos (aina ya neno), weka filta ya maneno YANAYOANZA na 動詞 (kitenzi). Usiweke "yenye 動詞", maana 助動詞 (kitenzi kisaidizi) nayo ina hizo herufi ndani, na hizo ni vile viambishi kama masu, ta na nai, vitajaa huko juu halafu udhani ndo vitenzi.

Hatua ya 3: Soma kwa akili
Juu kabisa utaona 為る, 居る, 有る. Usiogope, ni suru (kufanya), iru na aru (kuwepo) zimeandikwa kwa kanji, yaani herufi za asili ya Kichina, kwenye maandishi ya kawaida utazikuta kwa hiragana, herufi za sauti. Iru imepaa hivyo kwa sababu kila "-te iru" (kama "anaendelea kufanya") imehesabiwa humo, na iu (kusema) imebebwa na "to iu" (kama "kinachoitwa"), kwa hiyo hizo zitakuja zenyewe kwenye sarufi, usizitengenezee kadi za kukariria. Halafu benkyou suru (kujifunza) huioni kabisa, imekatwa, benkyou imeenda kwenye nomino. Za namna hiyo zitafute kwenye faili la 長単位.

Hatua ya 4: Linganisha na maongezi
BCCWJ ni maandishi matupu. NINJAL hao hao wana CEJC, masaa 200 ya mazungumzo ya kila siku, ilikamilika 2022 na ina orodha yake ya maneno. Kitenzi kikiwa juu kote kuwili, anza nacho hicho.

Hatua ya 5: Tafuta kinatembea na nini
Mimi hii ndo naipenda kuliko zote aisee, na wengi wanairuka. Kuna tovuti inaitwa NINJAL-LWP for BCCWJ, ya bure, unaandika kitenzi inakuonyesha nomino zinazokaa nacho na chembe gani katikati, yaani vile vijineno kama o na ni. Chukua 乗る, noru. Sisi tunasema napanda basi, moja kwa moja, kwa hiyo mwanafunzi wa hapa anasema "basu o noru" bila wasiwasi wowote, ila ukifungua pale utaona safu ya に (ni) imejaa magari, treni, ndege. Sahihi ni "basu ni noru". Au deru, kila mtu anaijua kama kutoka, kumbe "denwa ni deru" maana yake kupokea simu, na hiyo orodha ya namba haiwezi kukwambia hata siku moja.

Hatua ya 6: Hakiki kundi, tengeneza kadi
Angalia Jisho, kamusi ya mtandaoni, kama kitenzi ni ichidan (unatoa -ru tu kabla ya -masu) au godan (sauti ya mwisho inabadilika), hasa vinavyoishia na -eru na -iru. Kaeru (帰る, kurudi nyumbani) inafanana na taberu (kula, ichidan) ila ni godan, kwa hiyo ni kaerimasu, sio kaemasu. Ukimaliza ingiza Anki, programu ya kadi za kukariria, mbele weka sentensi fupi nzima yenye chembe yake, バスに乗る, sio 乗る peke yake, nyuma weka maana na umbo la -te (hapa 乗って, notte). Chukua ishirini za mwanzo kwanza, zikishika ongeza.