Kupanga kurasa za programu ya simu zikae sawa kwenye kioo chochote

Mfano wangu ni programu ya mnada katika soko la samaki la Bagamoyo, ambayo humwonyesha mnunuzi aina ya samaki, uzito, bei na kitufe cha kupandisha dau. Wanunuzi wana simu ndogo, nyingine zimepasuka vioo, ilhali karani anatumia kishikwambi cha inchi 10.

Acha kwanza kupima kwa pikseli. Android hutumia kipimo cha dp, ambacho dp 1 ni sawa na pikseli 1 kwenye kioo chenye msongamano wa pikseli 160 kwa inchi. Kwa hiyo simu yenye upana wa pikseli 720 na msongamano wa 320, na nyingine ya pikseli 1,080 na msongamano wa 480, zote zina upana wa dp 360, na mpangilio mmoja unazitosha.

Kisha usiulize kama kifaa ni simu au kishikwambi, bali dirisha la programu limepata upana gani, kwa kuwa mtumiaji anaweza kukigawa kioo kati ya programu mbili. Chini ya dp 840 mimi huweka safu moja, nikiongeza pambizo upana ukizidi dp 600. Kuanzia dp 840 orodha hukaa kushoto na maelezo ya samaki kulia. Sijaona haja ya mipangilio zaidi ya hiyo.

Kazi kubwa iko kwenye maandishi. Yapime kwa sp, ambayo hufuata ukubwa wa herufi aliouchagua mwenye simu, na tangu Android 14 ukubwa huo unaweza kufika asilimia 200. Mimi nilikuwa nimeifungia bei kwenye kisanduku cha upana wa dp 80. Mzee mmoja aliyekuza herufi alimwona nguru wake ameandikwa "120,0", akaniuliza kama ni laki na ishirini au elfu kumi na mbili. Dawa yake ni kuiachia bei nafasi yote inayohitaji, na jina la samaki lichukue inayobaki, likiruhusiwa kushuka mstari wa pili. Kisanduku nacho kiwekewe tu kimo ambacho hakiwezi kupungua, kisifungwe kimo maalumu. Vitufe visipungue dp 48 kila upande, maana vidole vya sokoni vina maji na magamba.

Jaribu kwa herufi kubwa kuliko zote kwenye simu ndogo utakayoazima, kisha chukua kishikwambi. Chenye pikseli 800 kwa 1,280 na msongamano wa 160 kina upana wa dp 800 kikisimama na dp 1,280 kikilala, hivyo kukigeuza tu kunabadilisha safu moja kuwa mbili. Andika dau, kigeuze, uone kama namba ingalipo: kwa kawaida Android huujenga ukurasa upya kifaa kinapogeuzwa, na namba ambayo hukuihifadhi, kwa mfano ndani ya ViewModel (sehemu ya programu inayotunza data ukurasa unapojengwa upya), inaweza kupotea karani akiwa katikati ya mnada.