Jinsi ya kumtumia mzigo askari wako aliyeko nje kutokea Pemba bila ya kuvunja kibubu

Assalaam alaykum jamani. Huku kwetu Pemba nyumba nyingi zina kijana yuko jeshini, na wengi wanapangiwa kwenda nje kulinda amani, Kongo tokea 2013, Afrika ya Kati kule Berberati, Lebanon nako wamepelekwa polisi jeshi wetu, sasa mama zao wako nyumbani wanataka kumpelekea mtoto japo kikopo cha halua na hawajui pa kuanzia, wengine wanaishia kumkabidhi mzigo mtu wasiyemjua pale gatini Mkoani na ndo basi tena. Mdogo wangu ni askari na mizigo yake naifunga mimi na mama, kwa hiyo ntaeleza tunavofanya sisi na vile posta wanavotaka, na pesa inaliwa wapi, mana pesa hailiwi kwenye halua, inaliwa kwenye uzito.

Kabla hujanunua hata tende, tafuta anuani, na anuani usiitunge wewe wala usiichukue kwa jirani ambae mwanawe yuko huko huko. Mwenyewe askari akaulize kikosini kwake, kwa mkubwa wake, mambo matatu: mizigo ya familia inaruhusiwa au hairuhusiwi, inaandikwa kwa anuani gani, na vitu gani hawavitaki. Akishajibiwa akutumie kwa maandishi, uikopi herufi kwa herufi, cheo chake, namba yake ya jeshi, jina kamili kama lilivo kwenye kitambulisho chake cha kazi (sio lile la nyumbani, ukiandika Makame Mdogo nani atamjua), halafu kikosi na sanduku la posta. Kama yuko kikosi cha humuhumu nchini ni rahisi zaidi, unaandika ile namba ya kikosi inayoishia na KJ (Kikosi cha Jeshi) na S.L.P. yao na mkoa, imekwisha. Ila kuruti aliye kwenye mafunzo ya mwanzo usimtumie chakula mpaka aulize, utamtia matatani bure.

Na akishakupa hiyo anuani iwe siri yenu. Nalisema hili kwa uzito kabisa, usiitie kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, usiipige picha boksi likiwa na namba ya kikosi ukaweka stetasi. Tunakumbuka wote Disemba 2017 kule Semuliki karibu na Beni, Kongo, kambi ya vijana wetu ilivovamiwa. Mahali alipo mwanao si habari ya kusambaza.

Kwa wale wa Kongo kuna jengine la kuuliza posta kabla ya kununua chochote: njia iko wazi au haiko. Mji wa Goma ulitekwa na waasi wa M23 Januari 2025 na uwanja wa ndege ukafungwa, mambo kama hayo yanaifunga na posta pia, kwa hiyo nenda dirishani Chake au Wete au Mkoani uulize tu kwamba nataka kutuma kifurushi sehemu fulani, mnapokea? bei ya kilo moja ngapi, ya kilo mbili ngapi? kwa njia ya kawaida ya rejista na kwa EMS, ile posta ya haraka? Andika zote kwenye karatasi urudi nazo nyumbani, hapo ndo unajua mfuko wako unabeba nini. Kuuliza hakulipiwi.

Sasa vitu vya kutia. Hapa watu wanapotea sana kwa sababu ya mapenzi, mtu anataka atie kila kitu. Fikiria joto, fikiria siku nyingi njiani, fikiria boksi linarushwa kutoka gari hadi gari. Vinavostahamili ni halua (sukari na samli vinailinda, haihitaji friji), visheti vilivokauka vizuri, kashata za njugu, tende kavu, ubuyu, korosho, kahawa ya kusaga, tangawizi na mdalasini na iliki kidogo za chai, viungo vya pilau vilivosagwa. Kashata za nazi mimi sitii, nazi ina maji inachacha mapema. Vileja vinafika unga ukivitia ovyo, lakini ukivipanga kwenye kopo la maziwa la bati, vimebanana, juu karatasi, vinafika vizima. Mikate ya ufuta, kaimati, sambusa, hivo viacheni mpaka arudi. Chokleti pia hapana, inayeyuka hata kabla haijavuka bahari. Achari kwenye chupa ya kioo usithubutu, ikivunjika imekula mzigo wote, kama lazima basi pilipili kavu ya kusaga.

Samaki na nyama acha kabisa, hata ng'onda na pweza mkavu, najua wanavipenda lakini forodha za nchi nyingi vitu vya mnyama wanavizuia na harufu yake inaingia kwenye kila kitu. Miche, mbegu, matunda mabichi hivohivo. Na karafuu, sie Wapemba tunajua wenyewe, karafuu kavu mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kuzitoa kwa magendo ni kesi, usijetia mfuko wa karafuu kwenye boksi ukasema ni za chai.

Vitu visivo chakula: soksi, fulana za ndani nyeupe, kikoi, kofia, tasbihi, dawa ya meno, sabuni ya kipande. Visivoruhusiwa posta ni pesa taslimu, kibiriti na laita, pafyumu na kopo lolote la kupuliza, pawabenki na betri za peke yake. Mafuta mazuri yenye spiriti ndani yake yanahesabiwa kuwa yanashika moto, kwa hiyo mpelekee udi wa kufukiza, uufunge mbali na chakula. Na jamani kombati za mtumba msinunue mkasema mnamzidishia, nguo zinazofanana na za jeshi raia hatakiwi awe nazo, Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba watu wazisalimishe, sasa wewe unabeba kwenda nazo posta?

Kufunga. Halua ndo inayosumbua mana samli inatoka, ntaeleza anavofanya mama. Anaiacha ipoe usiku kucha, haitii ikiwa na vuguvugu, kisha anaishindilia kwenye kopo la plastiki la mdomo mpana kwa mgongo wa kijiko mpaka hewa imetoka yote, juu anaweka karatasi aliyoipaka samli, anafunga kifuniko, anazungusha selotepu mara mbili. Halafu analigeuza kopo chini juu, juu ya gazeti, analiacha mpaka asubuhi. Gazeti likiwa na doa hata dogo kopo hilo halifai, anahamishia kwengine. Baada ya hapo kopo linavishwa soksi, zile soksi za kumpelekea, ndo mto wake, wala hulipii karatasi za kujazia. Taulo na fulana vinazunguka pembeni. Kila kitu kwenye boksi kiwe na kazi mbili ukiweza.

Mifuko ya rambo usifungie, Zanzibar ilipigwa marufuku kitambo na bara tokea Juni 2019, tumia makopo au karatasi za khaki. Boksi liombe dukani, la biskuti au sabuni, liwe gumu, lisiwe kubwa kuliko vitu. Ukishapanga liinue ulitikise karibu na sikio, ukisikia kitu kinatembea ongeza kitu au punguza boksi. Kisha lipeleke dukani kwa jirani mwenye mizani likapimwe, kwa sababu kifurushi kidogo cha rejista mwisho wake kilo 2, na EMS kawaida bei inapanda kwa kila nusu kilo, gramu thelathini zilizozidi zinaweza kukuhamisha daraja. Ukikuta umezidi kidogo toa sabuni, sabuni atanunua hukohuko, halua ya Wete hatoipata.

Usilifunge moja kwa moja nyumbani! Posta wana haki ya kutaka kuona kilichomo, ukilikaza selotepu nje ndani litachanwa mbele yako na selotepu nyengine utanunua. Nenda nalo wazi, na selotepu yako mkononi, na kalamu ya wino mzito, na kitambulisho chako cha Mzanzibari au cha NIDA. Ndani kabisa, juu ya vitu, weka karatasi yenye anuani yake na yako na orodha ya vilivomo, boksi likija kupasuka njiani hiyo karatasi ndo itakayosema mzigo wa nani.

Kama unakwenda nje ya nchi utapewa fomu ya forodha, CN22 kwa mzigo wa thamani ndogo au CN23 kwa wa thamani kubwa, karani atakwambia ipi. Hapa msione haya kuomba msaada, ila mjue inataka nini: kila kitu peke yake, vingapi, uzito wake, thamani yake. Ukiandika "zawadi" tu au "vyakula" tu unawapa watu wa forodha sababu ya kulifungua. Andika tende gramu 500, kahawa gramu 250, soksi jozi tatu, na iwe kwa Kiingereza, na Kongo na Afrika ya Kati ukipata mtu wa kukusaidia Kifaransa ni bora zaidi. Halua wao hawaijui, andika ni peremende ya wanga na sukari na samli. Kwenye kisanduku cha aina ya mzigo tia alama ya zawadi. Thamani sema ya kweli, usijifanye bure wala usiipandishe. Saini, tarehe, basi.

Utapewa risiti na namba yenye herufi mbili mwanzo, tarakimu tisa, na TZ mwisho. Ikianza na R ni rejista, E ni EMS, C ni kifurushi kikubwa. Hiyo namba ipige picha mara moja mana karatasi ya risiti inafutika, umtumie na yeye, mnaweza kuifuatilia wote kwenye intaneti.

Kupunguza gharama zaidi ya hapo kuna njia mbili ninazoziamini. Moja, mwenzake aliyekuja likizo akirudi, kama mnamjua na kwao mnakujua, na mumfungulie mzigo aone kila kilichomo kabla hajaubeba, sio haki kumbebesha mtoto wa watu kitu kilichofungwa. Pili, familia mbili zenye vijana kikosi kimoja mchange boksi moja, kila mmoja kopo lake lina jina, lakini muulize posta kwanza bei ya boksi moja kubwa na ya mawili madogo, wakati mwengine mawili madogo ndo nafuu.

Na muda. Mzigo wa Ramadhani usingoje Shaaban, ikiingia tu Rajab uwe umeshatoka mkononi mwako, tena huo tia tende zaidi na unga wa mtama wa uji, ndo anavovitamani jioni ikifika. Ukipita muda bila ya kufika usikae kimya, rudi posta na risiti ujaze fomu ya kuulizia, kwa mzigo wa rejista una miezi sita tokea siku ya pili ya kutuma, ikipita hiyo hawapokei tena lalamiko. Na yeye akiupokea mwambie afungue siku hiyohiyo, akague kilichochacha, akwambie kipi kimefika salama na kipi hakikufika ili boksi linalofuata ujue utie nini.