Kurudi kwenye Baiskeli ya Milimani Baada ya Jeraha: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua Njia

Wengi wanaorudi kuendesha baada ya kuumia hutafuta njia yenye alama ya kijani, yaani ya daraja rahisi, wakiipata huona wamemaliza. Alama hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini haitoshi. Waliopanga madaraja ya njia walimfikiria anayejifunza akiwa na mwili mzima, si mtu ambaye goti lake limetoka kwenye upasuaji. Kwa hiyo, daktari au mtaalamu wa fiziotherapia akisharuhusu, swali la kwanza liwe hili: njia hii italemea sehemu gani ya mwili?

Aliyevunjika mtulinga au kifundo cha mkono aogope mteremko mrefu, hata ukiwa mpana na unaonekana laini. Ukishuka, uzito unahamia mikononi na vidole haviachi breki. Isitoshe, kabla ya kila kona huwa pamechimbika vishimo vya watu waliofunga breki, na vishimo hivyo hupiga viganja mfululizo. Kwake inafaa njia inayoshuka kwa vipande vifupi vya mita 100 hadi 200, penye tambarare za kupumzisha mikono katikati. Mwenye jeraha la goti mambo yake ni kinyume: kinachomuumiza ni kupanda kwa giya nzito. Atafute mwinuko anaoweza kuupanda akiwa amekaa, kwa giya nyepesi, bila kusimama kwenye pedali. Mwenye jeraha la mgongo akwepe mizizi na mawe ya mfululizo, hasa pale anapolazimika kukanyaga pedali akiwa ameketi. Aliyepata mtikisiko wa ubongo asihesabu ugumu wa njia bali uwezekano wa kuanguka. Aanzie kwenye njia pana isiyo na miti ya kugongana nayo, na kichwa kikianza kuuma au akiona kizunguzungu, siku hiyo imeishia hapo.

Sasa tuje kwenye alama zenyewe. Katika mfumo wa International Mountain Bicycling Association, chama cha waendesha baiskeli za milimani, unaotumika sana Marekani, duara la kijani maana yake ni njia yenye upana wa sentimita 90 au zaidi, mteremko wa wastani usiozidi asilimia 5, na vizuizi visivyoepukika vya hadi sentimita 5. Mraba wa buluu unaofuata unaruhusu upana wa sentimita 60, wastani wa asilimia 10 na vizuizi vya sentimita 20. Hiyo ni hatua kubwa kwa mkono uliotoka kwenye plasta. Uingereza, kati ya buluu na nyeusi (njia ngumu sana) kuna nyekundu, kwa hiyo buluu ya huko si lazima ilingane na ya Marekani. Ramani huria za mtandaoni za OpenStreetMap nazo hupanga ugumu kwa namba 0 hadi 6. Anayerudi aanze na 0, yaani udongo ulioshindiliwa au changarawe bila vizuizi vya maana. Kwenye 1 mizizi na mawe madogo yameshaingia.

Usiamini wastani peke yake. Njia ya kilomita 4 inayopanda mita 120 ina wastani wa asilimia 3, ila ikiwa mita 60 kati ya hizo zimebanwa ndani ya mita 400, hapo utakutana na asilimia 15. Chukua ramani ya 1:25,000 yenye kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) za kila mita 10 na upime kwa rula kufuata njia: mistari ikiachana milimita 8, mteremko ni asilimia 5, ikiachana milimita 4, ni asilimia 10. Kazi hii inachukua dakika chache na inafaa kuliko picha yoyote, maana kamera za lenzi pana huufanya mteremko uonekane tambarare. Picha zitumie kukagua ardhi tu: mizizi, mchanga uliolegea, madaraja ya mbao ambayo yakilowa huteleza vibaya.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mahali pa kutokea. Mzunguko wa kilomita 10 usio na njia ya mkato unakulazimisha kuumaliza hata mkono ukifa ganzi kwenye kilomita ya nne. Bora mzunguko wa kilomita 2 au 3 unaopita karibu na ulipoanzia, uurudie kadiri mwili unavyokubali. Kama njia inaruhusu kwenda na kurudi palepale, anza kwa upande wa kupanda. Utaikagua polepole kabla ya kuishuka. Epuka njia za mwelekeo mmoja zilizojengwa kwa matuta na kona za kuinamia, hata zikiwa za kijani, kwa sababu zinajenga kasi zenyewe na wa nyuma yako hatarajii usimame.

Baiskeli nayo ilikuwa imelala. Dawa ya kuziba matundu ndani ya tairi zisizo na tyubu hukauka baada ya miezi michache, kwa hiyo iongeze. Kofia iliyogonga chini siku ya ajali ibadilishwe hata kama haina ufa, kwani povu lake likishabonyea halirudi. Uzito wako ukiwa umebadilika, rekebisha upepo wa shokapu: uma (sehemu inayoshika gurudumu la mbele) wenye mwendo wa milimita 120 uzame milimita 24 hadi 30 ukisimama juu ya baiskeli. Sogeza mikono ya breki karibu na vidole. Pedali za kunasa viatu ziwekwe kando kwanza, kwa sababu kujinasua kunadai kuzungusha kisigino nje, na goti au kifundo kinachouma hukawia.

Kabla ya kwenda njiani, jipime kwenye uwanja wa nyasi: simama kwenye pedali dakika mbili, funga breki kwa nguvu mara kumi, shuka ukingo wa sentimita 10. Kimoja kikiuma, subiri. Baada ya safari ya kwanza angalia saa 24 zinazofuata. Maumivu au uvimbe ukizidi, punguza urefu wa safari ijayo kwa nusu. Ukiwa mzima, rudia njia ileile mara mbili tatu, kisha badili kitu kimoja tu kwa wakati: umbali, mteremko au aina ya ardhi.