Namna ya Kupinga Uamuzi wa PIP Usiokuridhisha Nchini Uingereza

Barua ya uamuzi wa PIP, yaani posho ambayo serikali ya Uingereza huwalipa watu wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, ina mambo mawili yanayostahili kusomwa kabla ya mengine yote: tarehe iliyoandikwa juu yake, na alama ulizopewa katika kila shughuli. Tarehe ndiyo mwanzo wa mwezi mmoja ulio nao wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, na mwezi huo huhesabiwa tangu siku iliyoandikwa kwenye barua, si tangu siku bahasha ilipofika mlangoni wala siku ulipompata mtu wa kukusomea. Alama nazo ndizo kiini cha hoja zako zote, kwa sababu PIP hailipwi kwa jina la ugonjwa, bali kwa jinsi ugonjwa au ulemavu unavyomzuia mtu kutekeleza shughuli 12 zilizotajwa katika kanuni za mwaka 2013. Mtu anayeandika kurasa tatu kueleza jinsi mtathmini aliyempima kwa ajili ya posho hiyo alivyomdharau, bila kugusa alama hata moja, huenda akawa amesema kweli tupu na bado akaikosa posho yake.

Maelezo haya yanahusu England na Wales. Ireland ya Kaskazini inafuata hatua zinazofanana na hizi, ingawa ofisi zake ni nyingine. Uskoti ina posho yake yenyewe kwa watu wazima, iliyoenea nchi nzima mwaka 2022. Huko mtu ana siku 42 za kuomba uamuzi ufanywe upya, na akikataliwa ana siku 31 za kukata rufaa. Hata hivyo, mengi yaliyomo hapa kuhusu namna ya kujenga hoja yatamfaa na aliyeko Uskoti, kwa kuwa shughuli zinazopimwa zinakaribiana sana.

Kuzielewa alama

Shughuli kumi ni za maisha ya kila siku: kuandaa chakula, kula, kufuata matibabu, kuoga, kutumia choo, kuvaa na kuvua nguo, kuzungumza na kusikia, kusoma, kuchangamana na watu ana kwa ana, na kufanya maamuzi ya fedha. Mbili zilizobaki ni za kutembea na kusafiri: kupanga na kufuata safari, na kusogea kwa miguu. Makundi haya mawili huhesabiwa mbali mbali. Ukifikisha alama 8 katika kundi moja unapata kiwango cha kawaida cha kundi hilo, na ukifikisha 12 unapata kiwango cha juu. Kila shughuli ina ngazi kadhaa, kuanzia ile isiyo na alama hadi ile ya mtu asiyeweza kabisa, na ngazi moja tu ndiyo inayohesabiwa. Ikiwa zaidi ya moja zinakufaa, huchukuliwa yenye alama nyingi zaidi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hesabu. Kaa na barua hiyo pamoja na orodha kamili ya ngazi, ambayo inapatikana bure kwenye tovuti ya serikali na ya Citizens Advice, shirika linalotoa ushauri bure, kisha uandike pembeni mwa kila shughuli ngazi unayoamini inakustahili na sababu yake. Mara nyingi pengo ni dogo kuliko mtu anavyodhani. Anayehitaji kifaa saidizi ili kupika, kuoga, kuvaa na kutumia choo hupewa alama mbili kwa kila shughuli, na hizo peke yake zinatimiza 8, ingawa hakuna hata moja kati ya shughuli hizo anayoshindwa moja kwa moja. Ukishajua alama zako zimepotelea wapi, elekeza nguvu huko, wala usizitawanye kwenye shughuli zote 12.

Hapa lipo onyo ambalo watu hawapendi kulisikia. Ofisa anayeangalia uamuzi upya ana mamlaka ya kuangalia posho yako yote, hata sehemu ambayo hukuilalamikia, na kiwango kinaweza kushuka kama kinavyoweza kupanda. Baraza la rufaa lina mamlaka hayo hayo. Asiyepewa kitu hana cha kupoteza. Lakini aliyepata kiwango cha kawaida na anatafuta cha juu apime kwanza, ikiwezekana pamoja na mshauri, iwapo alama alizo nazo tayari zimesimama imara.

Swali ambalo sheria inauliza

Ripoti nyingi za tathmini hujibu swali la kwamba mtu anaweza au hawezi. Sheria inauliza zaidi ya hapo, na katika tofauti hiyo ndimo rufaa nyingi hushinda. Kanuni ya 4 inasema kwamba mtu hahesabiwi kuwa anaweza kufanya shughuli fulani mpaka aweze kuifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kila inapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule ambao mtu asiye na tatizo hilo angeutumia kwa kawaida. Akikosa sharti moja tu kati ya hayo manne, kisheria hawezi kuifanya katika ngazi hiyo.

Chukua shughuli ya kusogea kwa miguu. Anayeweza kusimama na kutembea zaidi ya meta 50 bila kuvuka 200 hupata alama 4; anayeishia kati ya meta 20 na 50 bila msaada wa kifaa hupata 8; asiyevuka meta 20 hupata 12. Ripoti ikiandika kwamba ulitembea kutoka chumba cha kusubiri hadi chumba cha tathmini bila shida, hoja yako haipaswi kuwa kwamba hukutembea. Eleza kwamba ulitembea polepole ukishika ukuta, kwamba ulisimama njiani, kwamba maumivu yalikulaza jioni yote, na kwamba usingeweza kuurudia mwendo huo saa moja baadaye. Mwendo uliofanyika mara moja kwa gharama hiyo haukidhi sharti la kurudia, na pengine hata lile la kiwango kinachokubalika.

Sharti la usalama nalo mara nyingi hueleweka vibaya, hasa kwa watu wenye kifafa au wanaopoteza fahamu ghafla. Watathmini walizoea kusema kwamba kwa kuwa degedege huja mara chache, siku nyingi mtu anapika salama. Mwaka 2017 Baraza la Juu, yaani ngazi ya pili ya rufaa, katika kesi zilizohusu kifafa, lilikataa hoja hiyo: halihitajiki dhara linaloelekea kutokea zaidi ya kutotokea, bali huangaliwa kama pana uwezekano wa kweli wa dhara kutokea, pamoja na ukubwa wa dhara lenyewe. Anayeweza kuanguka bila dalili yoyote mbele ya sufuria ya mafuta ya moto yumo hatarini kila anapopika, wala si siku ile tu anayoanguka.

Kwa wale ambao hali zao hupanda na kushuka, Kanuni ya 7 inataka tatizo liwepo kwa zaidi ya asilimia 50 ya siku. Ndiyo maana neno «wakati mwingine» ni adui wa mwombaji. Sema siku ngapi kwa wiki. Kumbuka pia kwamba tatizo linalokupata asubuhi peke yake linaweza kuihesabu siku nzima, maana nguo huvaliwa asubuhi.

Kuisoma ripoti

Uamuzi haufanywi na mtathmini. Yeye ni mtaalamu wa afya aliyeajiriwa na kampuni yenye mkataba na Idara ya Kazi na Pensheni, ambayo wengi huiita DWP, na kazi yake ni kuandika ripoti. Ofisa wa Idara ndiye anayeamua, na aghalabu huifuata ripoti hiyo. Piga simu Idara na uombe nakala yake, hata kama ulishatumiwa barua ya uamuzi, kwa sababu barua hutoa muhtasari tu.

Isome ukiwa na kalamu. Yatenge makosa ya ukweli, kama vile dawa zilizoachwa au dozi iliyokosewa, na hitimisho lililojengwa juu ya jambo dogo. Hili la pili ndilo lenye madhara zaidi. Kwamba unaendesha gari hugeuzwa kuwa ushahidi wa nguvu za mikono, umakini na uwezo wa kupanga safari. Kwamba ulijibu maswali kwa simu kwa nusu saa hugeuzwa kuwa ushahidi kwamba huna shida na watu. Mbele ya kila hitimisho andika kile ambacho mtathmini hakukuuliza: gari ni la gia za kujiendesha, unalitumia mara moja kwa wiki kwenda kliniki tu, simu ile dada yako alikuwa kando yako akikutuliza. Wengi wetu tumelelewa kutomlalamikia mgeni, na tukijuliwa hali tunajibu kwamba ni wazima kabla hata ya kufikiri. Jibu hilo la adabu likiandikwa kwenye ripoti kama maelezo ya afya, lieleze hivyo kwa maandishi, bila kuona haya.

Mapitio ya lazima

Huwezi kwenda kwenye baraza la rufaa kabla ya kuiomba Idara yenyewe iuangalie uamuzi wake upya, ndiyo maana hatua hii huitwa mapitio ya lazima. Ombi linaweza kufanywa kwa simu, ila lifuatishe kwa barua au kwa fomu ya CRMR1, na ubaki na nakala. Mwezi mmoja ukishapita, bado unaweza kuomba hadi miezi 13 tangu tarehe ya uamuzi, mradi ueleze sababu nzuri ya kuchelewa, kama vile kulazwa hospitali, kufiwa, au kukosa mtu wa kukufasiria barua. Usisubiri barua ya daktari ndipo uombe. Omba ndani ya muda, na useme ushahidi utafuata lini.

Barua iende shughuli kwa shughuli. Mfano mmoja unatosha kuonyesha namna yake: «Kuoga. Nimepewa alama 0. Ripoti inasema naoga mwenyewe. Sikuulizwa jinsi ninavyooga. Siwezi kuingia bafuni bila kushika vyuma vilivyowekwa ukutani, na siku tano kati ya saba mke wangu huniosha chini ya kiuno kwa sababu siwezi kuinama. Barua ya mtaalamu wa tiba ya viungo niliyoambatisha inathibitisha hilo. Naomba alama 2.»

Kuhusu ushahidi, barua ya daktari inayosema tu kwamba una baridi yabisi haina uzito mkubwa, kwa kuwa hakuna anayebisha kwamba unayo. Mwombe aandike kile anachokijua kuhusu unavyofanya mambo. Anayekutunza nyumbani mara nyingi anajua zaidi kuliko daktari. Maelezo yake yaliyotiwa saini ni ushahidi halali. Shajara ya wiki mbili, yenye siku nzuri na mbaya bila kupendelea, husaidia sana kwa magonjwa yanayobadilikabadilika.

Rufaa

Mapitio mengi hurudi na jibu lile lile. Wengi huachia hapo, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu mtu wa kwanza asiye wa Idara kuliangalia shauri lako yuko hatua inayofuata, na takwimu za serikali zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya nusu ya rufaa za PIP zinazosikilizwa huamuliwa kwa faida ya mwombaji. Una mwezi mmoja tangu tarehe ya notisi ya mapitio kukata rufaa kwenye Baraza la Ngazi ya Kwanza, kwa mtandao au kwa fomu ya SSCS1. Hakuna ada.

Kwenye fomu utaulizwa kama unataka kusikilizwa au shauri liamuliwe kwa karatasi tu. Chagua kusikilizwa, iwe ana kwa ana, kwa simu au kwa video, kwani jopo haliwezi kuuliza karatasi swali. Omba pia mkalimani, ambaye hulipiwa na baraza. Ndugu hatakiwi kuifanya kazi hiyo. Anayezungumza Kibajuni au Chimwiini aandike hivyo waziwazi, maana mkalimani wa Kiswahili sanifu anaweza kumpoteza katikati ya maelezo.

Idara itatuma bunda la nyaraka zote za shauri. Wakati huo huo inaweza kukupigia simu na kukuahidi kiwango bora ili rufaa iishe. Hulazimiki kujibu papo hapo; omba muda, ulinganishe ahadi hiyo na hesabu yako, uzungumze na mshauri, kisha ujibu.

Jopo huwa na jaji, daktari na mtu mwenye ujuzi wa masuala ya ulemavu. Watakuuliza kuhusu siku yako ya kawaida, na wanataka mifano: ulianguka lini, nani alikuokota, ulifanya nini siku iliyofuata. Jambo moja huwachanganya wengi: wanaangalia hali yako ilivyokuwa siku ya uamuzi unaoupinga. Ikiwa umezidiwa tangu hapo, mabadiliko hayo hayaingii kwenye rufaa hii. Zungumza na mshauri kabla ya kuyaripoti au kufungua ombi jipya, kwa kuwa uamuzi mpya unaweza kuifunga rufaa isivuke tarehe yake.

Ukishinda, malipo ya nyuma huhesabiwa. Ukishindwa, una mwezi mmoja wa kuomba maelezo kamili ya maandishi, na bila maelezo hayo ni vigumu kwenda Baraza la Juu, ambalo husikiliza makosa ya kisheria tu. Msaada wa kisheria wa serikali, ambao kwa kawaida haupatikani kwenye rufaa ya kwanza, unaweza kupatikana huko. Hivyo peleka maelezo hayo kwa Citizens Advice au kituo cha sheria cha mtaa wako mara tu yanapokufikia.