Kabla fundi hajashusha giaboksi: kukagua klachi ya mafuta kwenye Altezza iliyozeeka

Toyota Altezza ilianza kutoka kiwandani mwaka 1998 na ikakoma 2005, kwa hiyo hata ile changa kuliko zote imeshafikisha miaka 20. Kama unayo ya gia za mkono na unaishi huku Mbeya, ambako kutoka nyumbani tu ni kupanda au kushuka, klachi ina nafasi kubwa ya kukusumbua mapema kuliko injini. Siku ikisumbua, neno la kwanza utakaloambiwa gereji ni hili: “Bosi, klachi imekwisha hiyo, tushushe giaboksi.” Huenda ni kweli. Ila mara nyingi pleti (ile sahani ya klachi inayoshikana na injini) ni nzima kabisa, na kilichokufa ni raba ndogo ndani ya masta, yaani pampu ya mafuta ya klachi. Kushusha giaboksi kunaweza kula siku nzima na hela ya maana. Kukagua njia ya mafuta ya klachi hakuchukui muda, na hata wewe mwenyewe unaweza.

Jambo la kwanza ni kujua unalalamikia nini hasa. Kuna klachi isiyoshika: unapanda Iwambi, unakanyaga, mshale wa mizunguko ya injini unaruka juu lakini gari haliongezi mwendo. Hapo mshukiwa ni pleti iliyolika au iliyoingia oili. Kuna na klachi isiyoachia: gia ya kwanza inagoma, rivasi inakwaruza, lakini ukizima injini gia zote zinaingia laini. Hii ya pili ndiyo inayokupeleka kwenye mafuta. Mwambie fundi kwa maneno hayohayo, usimwambie tu “klachi inasumbua”, maana ukisema hivyo umempa ruhusa ya kufungua chochote.

Mfumo wenyewe ni mwepesi. Ukikanyaga pedali, kijiti kinasukuma pistoni ya masta ya juu, ile iliyofungwa kwenye ukuta kati ya injini na miguu yako. Mafuta yanapita kwenye bomba na kipande cha hozi ya mpira hadi masta ya chini ubavuni mwa giaboksi. Masta ya chini inasukuma foku, foku inasukuma beringi, na beringi inabonyeza presha pleti, chuma kinachoibana pleti, ili iachie. Mwendo wote ni mfupi, milimita chache tu kule mwisho kwenye beringi, ndiyo maana upepo kidogo (hewa iliyoingia kwenye mafuta) au uvujaji kidogo unatosha kuharibu kila kitu.

Kabla ya kushika spana, angalia. Fungua boneti utazame kopo dogo la mafuta ya klachi. Kwenye Toyota hizi liko peke yake, si lile la breki. (Kwenye magari mengi ya Ulaya klachi na breki vinachangia kopo moja, kwa hiyo ukiona klachi imelegea ghafla kwenye BMW, kagua breki siku hiyohiyo.) Mafuta yakiwa yamepungua, yamekwenda mahali. Mafuta yakiwa meusi na yana vumbi la raba, raba zinasagika. Kisha ingia ndani, inama chini ya usukani na upapase kijiti kinapoingilia ukutani, pamoja na kapeti chini yake. Ukishika ute unaoteleza, masta ya juu inavujia ndani. Shuka sasa chini ya gari, vuta nyuma ule mpira wa vumbi wa masta ya chini. Pakiwa pakavu, vizuri. Mafuta yakimwagika mkononi, umeshapata jibu, wala huna haja ya kuendelea kubahatisha. Nawa, na usiache yakae kwenye bodi, yanababua rangi.

Fanya ukaguzi huu asubuhi, gari likiwa la baridi. Juni na Julai raba kuukuu hukakamaa usiku kucha na kuvujisha alfajiri, halafu jua likitoka na injini ikapata moto zinaziba, na fundi anayeliona gari saa sita mchana atakuapia kwamba halina tatizo.

Kama hakuna uvujaji, pima. Mtu mmoja akanyage pedali hadi mwisho, mwingine awe chini na rula akitazama kijiti cha masta ya chini kinatoka kiasi gani. Magari mengi madogo yanahitaji zaidi ya sentimita moja. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha gari. Kijiti kikitoka vya kutosha na gia bado zinagoma, basi hapo fundi wako ana haki: shida iko ndani, iwe vidole vya presha pleti, pleti iliyopinda, au foku iliyolika. Kikitoka kidogo, giaboksi ibaki pale ilipo. Kagua kwanza pedali yenyewe, maana pini iliyolika au chuma cha pedali kilichopasuka kinaiba mwendo kabla hata mafuta hayajaguswa.

Kisha kuna kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Uwanjani, pasipo watu mbele, washa injini, kanyaga klachi, weka gia ya kwanza, halafu shikilia pedali hapohapo kwa dakika moja bila kuisukasuka, mguu mwingine ukiwa tayari kwenye breki. Gari likianza kujivuta lenyewe na hakuna tone lililomwagika nje, mafuta yanapita pembeni ya raba ndani ya masta ya juu. Mtu akipiga pampu pedali mara kadhaa na ikapata nguvu, ni masta hiyohiyo, au kuna upepo. Hozi nayo usiisahau. Ikizeeka huvimba kila ukikanyaga, au huziba kwa ndani na kuchelewesha klachi kurudi.

Nimesema klachi isiyoshika ni ya pleti, lakini kuna hila moja. Kijiti cha masta ya juu kikikazwa mno, pedali haina mchezo, na kile kitundu cha kurudishia mafuta kwenye kopo kinabaki kimefunikwa. Mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kwenda, na klachi inakuwa imekanyagwa nusu bila wewe kukanyaga. Gari linakwenda vizuri asubuhi, mchana linateleza. Wengi wamenunua pleti mpya kwa ajili ya nati ambayo ingelegezwa kidogo tu.

Ukienda Mwanjelwa kununua spea, chukua masta zote mbili kama mfuko unaruhusu, maana zimezeeka pamoja. Raba peke yake zinafaa pale ambapo ndani ya silinda pako laini. Pakiwa na vishimo vya kutu, raba mpya itachanika tena. Mafuta ni ya breki, DOT 3 au DOT 4, kopo ambalo halijafunguliwa, kwa sababu yananyonya unyevu wa hewani: DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205, ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. Usichanganye na DOT 5, hiyo ni ya silikoni. Na usikubali kabisa mtu aongeze ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) au oili ya injini “ili tu ufike nyumbani”. Raba zote zitavimba, na utafumua mfumo mzima.

Wakati wa kutoa upepo, nipeli (skrubu ya kutolea upepo kwenye masta ya chini) ifungwe kabla pedali haijaachiwa, na kopo la juu lisikauke hata mara moja.

Kama safari ni ya Dar, yote haya yafanyike siku kadhaa kabla, si usiku wa kuondoka, ili uone kama kiwango cha mafuta kinabaki palepale. Kutoka huku utaushuka mlima Kitonga, na klachi isiyoachia itakunyima gia ndogo pale unapoihitaji izuie gari. Weka gia ya chini ukiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza. Beba kopo la mafuta, spana ya nipeli, mpira mwembamba na chupa tupu. Ikikufia tambarare, unaweza kuzima injini, ukaweka gia ya kwanza na kuwasha gari likiwa ndani ya gia, ila baadhi ya magari yana swichi ya pedali inayozuia starta hadi klachi ikanyagwe, kwa hiyo kanyaga hivyohivyo hata kama haiachii.